Dunia Imeuliza Nini

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufagia kibaraza cha saiba yangu, duka la intaneti, Mwalimu alikuwa ameshafika, kofia mkononi, na badala ya salamu ananiuliza, "Haya binti, nani amekufa?"

Mgeni angeshtuka. Sisi tulishazoea. Hakuwa akiuliza habari za mtaa wetu wa Bulapesa wala za hospitali. Ensaiklopidia ya mtandaoni ina ukurasa unaoonyesha makala zilizosomwa zaidi na watu wiki iliyopita, na Mwalimu aliufuata ukurasa huo kama wenzake walivyofuata ligi ya Uingereza. Nilikuwa nikimfungulia kompyuta ya pembeni, ile yenye kiti kizima, kisha naendelea na kazi zangu za kuchapisha fomu na kupiga picha za pasipoti. Yeye mwenyewe alikuwa na kabambe tu, simu ndogo ya vibonye. Mwanawe alimletea simu kubwa wakati mmoja, yeye akampa mlinzi wa kanisa. Alisema simu kubwa ni ya mtu anayeogopa kukaa na mawazo yake, na papo hapo ananiomba nimpandishie mwanga wa kioo asome vizuri.

Lakini ukurasa haukufunguliwa hivi hivi. Kwanza ilibidi tubashiri. Anafumba macho, anakuna kidevu, anasema: mchezaji mmoja wa mpira, filamu moja ya kutisha, mtu mmoja ameoa au ameachwa, tajiri mmoja amesema upuuzi, na marehemu wawili, ama watatu kama huko Ulaya kuna baridi. Ndipo nafungua. Mara nyingi alipatia, na ungedhani atafurahi. Wapi. Alikuwa anatikisa kichwa kama anayesahihisha mitihani ya darasa zembe.

"Hawabadiliki," ananiambia. "Tangu nianze kuwasoma, hawajaniuliza swali jipya."

Hawajaniuliza! Nilikuwa nacheka mpaka nakosea kuchapisha. Mtu amekaa Isiolo, katikati ya duka la vipuri na kinyozi, anazungumza kana kwamba dunia nzima ilikuwa imepanga foleni mlangoni kwangu imsubiri yeye.

Basi alikuwa hivyo hata darasani. Alitufundisha historia sekondari, na sheria yake ilikuwa moja: hatutoki kwenda mapumziko mpaka mmoja wetu aulize swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Tulikuwa na njaa, kwa hivyo tuliuliza takataka. Mjerumani alikuwa akila nini vitani? Viatu vya askari vilitengenezwa wapi? Yeye takataka hizo alizijibu kwa heshima zote, akazunguka ubaoni, akachora, mpaka chai ikapoa huko jikoni. Siku moja nilimuuliza kwa nini babu yangu, askari wa Mwingereza, aliletwa kutoka mbali hivyo kuja kukaa huku. Nilitaka tu twende tukanywe chai. Hakujibu. Aliweka chaki chini akaniambia, "Hilo si la kuniuliza mimi. Nenda kamuulize nyanya yako wakati bado anajibu."

Nilienda. Nyanya alizungumza kutoka alasiri hadi tukaswali isha, na mambo aliyosema siku hiyo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu ukoo wetu, maana baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Sericho na habari zake zote zilihusu matairi. Nyanya hakukaa sana baada ya hapo. Kwa hiyo nilipofungua saiba, miaka mingi baadaye, na nikamwona Mwalimu amestaafu anatembea mjini bila pa kwenda, kiti kile kizima nilimpa bure. Wateja walilalamika, nikawaambia atakayetaka bure naye anifundishe kitu.

Alikuwa na msemo wake: nionyeshe swali la mtu, nitakuambia Jumamosi yake ilikuwaje. Aliamini kwamba hakuna anayeamka tu akauliza. Ni lazima kuna kitu kimemgusa bega. Makala ya mfalme wa zamani ikipanda juu, kuna filamu. Makala ya ugonjwa ikipanda, kuna mtu maarufu ameugua. Nchi ndogo isiyojulikana ikipanda, "basi huko kunawaka moto." Alikuwa akitafuta kile kilichogusa bega mpaka akipate, na asipokipata anakosa raha.

Kuna wiki malkia mmoja wa kale, aliyezikwa zamani zile, alikaa juu ya wachezaji wote wa mpira. Mwalimu alihangaika. Aliuliza kama kaburi lake limefukuliwa. Aliuliza kama kuna mjukuu wake aliyeoa. Alisoma makala yote mara mbili na hakuona la kumwinua mama wa watu kutoka usingizini. Wiki nzima alikuwa anapita kibarazani kwangu kila siku, ananiuliza kama nimesikia lolote, mpaka Kinoti, kijana wa bodaboda aliyekuja kuchaji simu, akamwonea huruma.

"Mwalimu, hiyo ni series. Imetoka wikendi, wasee wote wako nayo."

"Ya vipindi vingapi?"

"Vingi. Mimi nimemaliza usiku mmoja."

"Peke yako?"

Kinoti akacheka. "Sasa nani mwingine, Mwalimu? Chumba ni yangu."

Mwalimu hakucheka. Akanigeukia mimi. "Umesikia? Huyu alikuwa peke yake. Kama angekuwa na mtu kando yake, si angemuuliza huyo? Angesema, wee, hivi huyu malkia alikuwa mtu kweli? Na huyo mwenzake angemdanganya kidogo, wakabishana, wakalala. Sasa hana. Anauliza mashine." Akagusa kioo kwa kidole, makala moja baada ya nyingine. "Hawa wote, binti. Hawa wote walikuwa peke yao."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuutazama ukurasa ule kama mchezo. Watu wengi hivyo, kila mmoja chumbani mwake, wanauliza jambo lile lile kwa wakati mmoja na hawajuani.

Mjini walimtania. Akipita kwa akina mama wauza miraa, mmoja lazima apaze sauti, "Mwalimu, dunia imeuliza nini?" Naye anasimama, anawaeleza kwa utulivu, kwa Kiswahili chake cha ubaoni, kwamba wiki hii dunia imeuliza juu ya mwimbaji aliyeanguka jukwaani na kimbunga kilichopiga visiwa fulani. Wale akina mama wanasikiliza huku wanafunga vifurushi.

"Na sisi je? Isiolo hawajauliza?"

"Bado."

"Watauliza lini?"

"Tuombe wasiulize," aliwajibu siku moja. "Mahali kama hapa hapaulizwi kwa heri. Siku mtakayosikia dunia nzima inasoma habari za Isiolo, jueni tumezika watu." Mmoja akasema haki ya Mungu ni kweli, akampa ndizi.

Na bado mtu huyo huyo, mwenye kujua nani ameachana na nani huko Marekani, hakujua kwamba jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa amejifungua mapacha. Mimi hakuwahi kuniuliza kama nimeolewa. Hakuuliza watu habari zao. Alisema ni adabu. Mimi nilikuwa naona ni woga, na nilimwambia hivyo usoni, akaniita mkaidi, akarudi Jumatatu iliyofuata kama kawaida na swali lake la nani amekufa.

Hapo kwenye wafu ndipo palipokuwa na fundo. Mwalimu alikuwa Msamburu wa upande wa Kipsing, na kwao, kama alivyolelewa yeye, mtu akishazikwa jina lake halitajwi. Linafungwa. Atasemwa kwa njia nyingine, yule wa boma la juu, yule aliyetutoka, lakini jina hapana. Mwalimu alikuwa Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, amesoma chuo, na katika mambo mengine alikuwa akizikejeli mila hadharani. Hii hakuigusa. Majina ya marehemu wa Ulaya aliyasoma kwa sauti, tena kwa matamshi ya kujivunia. Akifika kwa marehemu wa kwetu, ananionyesha kwa kidole tu.

"Ajabu," alikuwa akisema. "Sisi mtu akifa tunalifunga jina. Wao akifa ndipo wanalifungua. Jana alikuwa hai na hakuna aliyemuuliza. Leo kafa, dunia nzima inataka kujua alikuwa nani, alizaa wangapi, alipenda nini." Siku nyingine alimaliza kwa kusema wenzetu hawana haya. Siku nyingine alisema labda sisi ndio hatuna huruma. Sikujua anasimama wapi, na nadhani yeye pia hakujua.

Mkewe alifariki nikiwa nafanya kazi Garissa. Sikuwahi kuonana naye. Alikuwa nesi wa zahanati huko nje, anakuja mjini mwisho wa mwezi tu, na nilipohamia tena Isiolo alikuwa ameshazikwa na mji mzima ulikuwa umeshakubaliana kimya kimya kwamba habari zake haziguswi. Chanzo nilisimuliwa na Mama Kinya, muuza mboga anayekaa mkabala na duka langu, ambaye ni wa kanisa lake Mwalimu. Mchungaji mgeni, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Meru, alisimama kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu akamtaja jina mara nyingi, kwa upendo kabisa. Mwalimu aliinuka katikati ya maombi akatoka nje. Alikaa chini ya ukuta wa kanisa mpaka watu wakatawanyika.

Ungekuwa mji mwingine, watu wangesengenya wakasahau. Isiolo hatusahau. Hapa tuko Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu, na tumeshaumizana vya kutosha, kwa hiyo tumejifunza kutembea taratibu karibu na mila ya mwenzetu. Mama Kinya hula chakula chake cha mchana nyuma ya kibanda mwezi mzima wa Ramadhani, na hakuna aliyewahi kumwomba. Basi habari ya Mwalimu ikaenea: asiulizwe kuhusu mkewe. Waislamu wakaambiana, wanakwaya wakaambiana, kinyozi akawaambia wateja. Hata binti yake wa Mombasa alipopiga simu aliuliza dawa, mvua, goti linalomsumbua, akakata. Mtu akianza kusema, "Mwalimu, yule mama...," mwenzake anamkanyaga mguu. Tulifanya hivyo kwa heshima, na tulijiona waungwana.

Niligundua kosa letu kupitia kwa mtu ambaye hakujua lolote. Ilikuwa Jumatatu, saiba imejaa. Dereva wa lori kutoka Wajir alikuwa anasubiri nimchapishie karatasi za mzigo, akakaa kando ya Mwalimu. Madereva wa njia ndefu wana mdomo, nawajua, mmoja alinizaa. Alimsalimia salaam aleikum, Mwalimu akajibu habari yako, wakaongea goti, wakaongea barabara. Halafu yule dereva, kwa wema tu, akauliza.

"Na mama watoto, mzee? Ako?"

Kwenye foleni watu wakageuka.

"Alitutoka," akasema Mwalimu.

"Pole sana. Alikuwa mama wa aina gani?"

Nilikuwa namtazama Mwalimu. Wallahi sijawahi kumwona mtu akibadilika hivyo. Alijigeuza kitini, akamwelekea yule mgeni kwa mwili wote, mikono ikapanda kama alivyokuwa akifanya zamani ubaoni. "Ah! Huyo..." akaanza.

"Wewe dereva!" Mama Kinya alikuwa amesimama, mfuko wa sukuma wiki mkononi. "Hiyo maneno wacha kabisa. Mzee hapendi kuulizwa hiyo."

"Oh. Pole mzee, pole. Mimi sikujua."

"Mgeni, hawezi kujua," akasema mwingine kutoka kwenye foleni.

Mikono ya Mwalimu ikashuka. Akamwangalia Mama Kinya, ambaye alikuwa anamtabasamia kwa kumhurumia, akatuangalia sisi wengine, na akaona sote tulikuwa tumejipanga kumlinda. "Si kitu," akasema. Akarudi kwenye kompyuta. Kioo kilikuwa kimejizima kwa kukaa bila kuguswa, naye akaendelea kukitazama hivyo hivyo.

Mwiko ulikuwa wa jina. Sisi tuliufanya wa mtu mzima, tukamzika mara ya pili, na tukamwacha mumewe mlangoni miaka yote hiyo akisubiri mmoja wetu aulize. Nilitaka kumfuata palepale. Lakini foleni ilikuwa imefika nje, yule dereva alikuwa na haraka ya kuvuka Archer's Post kungali mchana, na nilipoinua kichwa Mwalimu alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu iliyofuata hakuja. Nilifungua ukurasa mwenyewe, nikabashiri mwenyewe, nikakosea. Mchana Mama Kinya akaniletea habari pamoja na nyanya zangu za mchuzi: binti yake Mwalimu anakuja Jumamosi kumchukua. Goti limezidi, sukari haishuki, na mzee hawezi kuendelea kukaa peke yake. Anahamia Mombasa moja kwa moja.

"Afadhali," akasema Mama Kinya. "Huko ataangaliwa."

Ni kweli ataangaliwa. Lakini huko nani alimjua yule mama? Waliomjua wako hapa na Ngaremara na Kipsing, wote wamefunga midomo kwa heshima. Mwalimu akipanda gari Jumamosi bila kuulizwa, basi tena, hataulizwa na mtu. Nilikosa usingizi kwa jambo hilo, na si kawaida yangu, mimi hulala hata jenereta ikinguruma.

Ijumaa baada ya swala nilifunga duka. Nikachapisha ule ukurasa wa wiki, nikanunua maziwa ya ngamia, nikaenda kwake. Nilimkuta kibarazani. Nyumba ilikuwa imeshafungashwa, vitabu kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia, mapazia yameshushwa, viti viwili tu vimebaki nje. Alikuwa amekonda. Nilipotaka kumpa karatasi aliisukuma pembeni.

"Marehemu wangapi?"

"Watatu."

"Na filamu?"

"Moja. Ya kutisha."

"Si nilikuambia. Ni wale wale." Akanywa maziwa kidogo. "Binti yangu ana nyumba nzuri huko. Ghorofani. Ana runinga kubwa kama mlango huu, amesema atanifungulia ukurasa wetu kila Jumatatu. Mtoto mzuri. Ana kazi nyingi." Akaangalia barabara. "Nitakuwa naangalia watu wanauliza nini. Ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Niliogopa. Kama nimekosea kusoma uso wake siku ile ya dereva, nitakuwa nimemtia uchungu mzee wa watu siku moja kabla ya safari, na hatakuwa na muda wa kunisamehe. Nilirekebisha mtandio wangu, nikaurekebisha tena. Pikipiki ikapita, ikatuachia vumbi. Nikaona nikingoja vumbi litulie nitaondoka bila kusema kitu.

"Mwalimu, jina sitaki. Nataka kukuuliza tu. Mama alikuwa mtu wa aina gani?"

Hakunitazama. Kikombe kilibaki hewani, kati ya goti na mdomo. Nilihesabu makosa yangu yote hapo hapo, nikaanza kutafuta namna ya kuomba radhi.

"Uliza tena," akasema.

"Alikuwa mtu wa aina gani, Mwalimu? Mama?"

"Mrefu," akasema. Akakohoa, akaanza upya. "Alikuwa mrefu kunishinda. Tukipigwa picha alikuwa anakunja magoti ndani ya gauni ili nisiaibike. Picha zote. Mtu akiziangalia hawezi kujua. Hujawahi kuambiwa hilo?"

"Sijawahi."

"Na alikuwa anaimba vibaya, Mungu wangu, vibaya kabisa, na alikuwa anajua, na haachi. Wagonjwa walikuwa wanapona haraka wakimbie." Akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, hakuyafuta. "Hilo pia hujaambiwa?"

"Hapana, Mwalimu. Na alikuwa anaimba nini?"

Akaweka kikombe chini. Akashika kiti chake kwa mikono miwili, licha ya goti lile bovu, akakivuta mpaka kikagusana na changu.